Zama za Wareno katika Kitabu cha Strandes

Kitabu cha Justus Strandes juu ya zama za Wareno kilitolewa Berlin mwaka 1899, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1961. Sifa yake haina shaka: mtungaji alizisoma nyaraka za Wareno kwa subira kubwa. Lakini nyaraka hizo ni za watu wa merikebu na ngome. Mombasa na Malindi zapewa kurasa nyingi. Mrima, wenye magofu ya Kaole na makaburi yake ya nguzo, wapata nafasi haba.

Kipimo ni kisa cha Yusuf bin Hasan. Alilelewa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala. Mwaka 1631 alimwua mkuu wa Ngome ya Yesu, akarejea Uislamu. Kwa waandishi wa Kireno huyu ni mwasi aliyekana dini. Je, kwa raia wake alikuwa nani? Barua za Goa na Lisbon haziwezi kujibu, na mwanahistoria azitegemeaye peke yake hukumu yake ina upande mmoja.

Lugha nayo ni shahidi, tena shahidi asiyelipwa na mfalme yeyote. Meza, mvinyo, bendera, hata padri, ni maneno ya Wareno yaliyodumu bila kupotoka sana. Bali igreja, yaani kanisa, limekuwa gereza: kwanza lilitaja ngome, kisha nyumba ya wafungwa. Waswahili waliitaja nyumba ile kwa kadiri walivyoiona kutoka nje ya kuta zake.