Saa Kumi na Mbili Jioni: Ligi ya Waingereza Ilivyofika Wote na Mwingi

Kila Februari, Super Bowl inapokaribia, hurudiwa dai kwamba fainali hiyo ya futiboli ya Kimarekani hutazamwa na watu bilioni moja duniani. Dai lenyewe ni la zamani, na mara nyingi limehesabu watu ambao matangazo yangeweza kuwafikia, hata kama hawakukaa wakatazama. Ndani ya Marekani ukubwa wake hauna ubishi: fainali ya Februari 2025 kati ya Philadelphia Eagles na Kansas City Chiefs ilipata wastani wa watazamaji milioni 127.7. Lakini anayetaka kujua jinsi ubingwa wa taifa moja unavyotazamwa na mataifa mengine hawezi kutegemea hesabu za mwenye mchezo. Aanzie kwa anayepokea. Kaunti za Kitui na Makueni, katika eneo la Ukambani nchini Kenya, zilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2019, wengi wao wakiishi mbali na miji, na huko kuna ubingwa wa kigeni uliopenya hadi kwenye masoko ya vijijini: Ligi Kuu ya Uingereza. Nashikilia kwamba umefika huko kwa njia za kiufundi zinazoweza kufuatwa hatua kwa hatua, na kwamba hatua ya kwanza, ambayo wachambuzi huiruka, ni saa.

Kenya iko saa tatu mbele ya London wakati wa baridi ya Ulaya, na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kule, huku huanza saa kumi na mbili jioni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, na saa kumi na moja katika miezi mingine. Tazama saa hiyo inakutana na nini Mutomo au Kathonzweni. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Ng'ombe na mbuzi wamerudi bomani, maji yamechotwa, na wachuuzi wanakunja turubai zao sokoni. Katika miezi hiyo ya baridi, mechi ya mapema ya saa sita unusu mchana huangukia saa tisa unusu alasiri, ile ya mwisho ya Jumamosi huangukia saa mbili unusu usiku, na ya Jumapili iliyoanza saa kumi unusu kule huwa imekwisha huku kabla ya saa nne. Ratiba nzima ya wikendi inaingia ndani ya jioni ya mtu wa Ukambani bila kumnyima usingizi. Super Bowl huanza saa kumi na mbili unusu jioni kwa saa za New York, yaani saa nane unusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, na hukaribia mapambazuko kabla ya kumalizika. Hakuna tangazo la biashara litakalomfanya mwalimu au fundi akeshe hivyo kisha aende kazini.

Ushahidi wa jambo hili unaning'inia mlangoni pa ukumbi wa video, ambamo watu hulipa kiingilio watazame mechi. Ni ubao mweusi, au kipande cha plywood kilichopakwa rangi, ulioandikwa kwa chaki majina ya timu mbili mbili na saa ya kila mechi: tisa unusu, kumi na mbili, mbili unusu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma. Kenya haina desturi hiyo, kwa hiyo saa zilizo kwenye ubao husogea mbele, na mwisho wa Machi hurudi tena. Kijiji kisicho na haja yoyote na majira ya London hufuata mabadiliko yake mara mbili kwa mwaka, na hakuna anayeyakosea.

Atatokea wa kusema kwamba hoja ya saa haina uzito, kwa kuwa futiboli ya Kimarekani haijulikani huku na ingepuuzwa hata ingechezwa saa kumi jioni. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mwaka 2013 Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, alichezea Indianapolis Colts, na habari zake zilisomwa nchini kote bila kuwafanya watu waanze kuufuata mchezo wenyewe. Basi tuchukue mchezo wa Marekani ambao sheria zake zinajulikana. Mpira wa kikapu huchezwa katika shule za sekondari za Kitui na Makueni na umo katika mashindano ya shule kitaifa, na kijana wa kidato cha tatu hahitaji kuelezwa mtupo wa pointi tatu. Fainali za NBA huanza kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mchezo unajulikana, nyota wake wanajulikana, jezi zao zinavaliwa sokoni. Lakini fainali yenyewe hufika kwa wengi kama vipande vifupi kwenye simu baada ya kucha. Kinachotenganisha mchezo huo na ule unaojaza ukumbi ni saa. Waandaaji wa Kombe la Dunia wanalijua hili vizuri, ndiyo maana fainali ya 2026 ilipangiwa saa tisa alasiri kule New Jersey, ambayo ni saa nne usiku Nairobi na saa tatu usiku Paris. NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hupanga fainali yake kwa ajili ya sebule za Marekani, na ina haki ya kufanya hivyo. Ila sebule hizo zisiitwe dunia.

Pingamizi la pili ni la historia: kwamba tunaitazama ligi ya Waingereza kwa kuwa walitutawala. Ingekuwa hivyo, mchezo wao mwingine, kriketi, ungetazamwa pia, hasa kwa kuwa Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003. Sokoni Tawa au Kyuso hakuna anayelipa kiingilio kutazama kriketi ya Kiingereza. Tena kabla ya ligi hii kuenea, Wakenya waliokuwa na televisheni walizoea kipindi cha Football Made in Germany, sauti ya Toby Charles ikisimulia mechi za Bundesliga, na Ujerumani haijawahi kuitawala Kitui. Wakati huohuo Leonard Mambo Mbotela alikuwa akiuchora uwanja kwa maneno ya Kiswahili redioni, watu wakijifunza kuuona mpira kwa masikio. Hamu ya kandanda ilikuwepo tayari, na ilikuwa radhi kupokea ligi ya taifa lolote ambalo lingeileta kwa ukamilifu na kwa wakati.

Kuileta ndiko kulikofanywa kwa ustadi. Ligi Kuu ilianzishwa 1992 na ikauza haki zake za matangazo kwa pamoja, bila kila klabu kujiuzia. Mnunuzi wa nje akapata bidhaa moja iliyokamilika: picha zinazopitia kituo kimoja, kwa miaka mingi Stockley Park magharibi mwa London, zikiwa na takwimu na watangazaji, na nafasi ya kila nchi kuweka lugha yake. Kuna jambo hapa ambalo msomaji wa Makueni anapaswa kulitafakari. Tangu miaka ya 1960 Uingereza imekataza matangazo ya moja kwa moja ya kandanda Jumamosi kati ya saa 8:45 na saa 11:15 alasiri, ili watu waende viwanjani, hasa vile vya klabu ndogo. Katika msimu wa 2024/25 mechi 200 tu kati ya 380 zilionyeshwa moja kwa moja nchini humo. Marufuku hiyo haivuki bahari. Mechi ya saa tisa ambayo mkazi wa Manchester hakuruhusiwa kuiona kwenye televisheni yake, mtu wa Wote aliweza kuitazama kihalali, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kupitia chaneli za michezo za SuperSport. Waingereza waliifunga ligi kwao ili walinde viwanja vyao, wakaifungua kwetu, na katika mikataba iliyoanza 2022 mapato ya haki za nje yakazidi ya ndani kwa mara ya kwanza.

Setilaiti ilimaliza tatizo la milima. Mawimbi ya minara ya nchi kavu huzuiwa na vilima vya Mbooni na Kilungu, na nyanda za mashariki mwa Kitui ziko mbali mno na minara mingi; dishi likielekezwa sawasawa halijali lolote kati ya hayo. Lakini setilaiti peke yake haielezi kila kitu. Mwaka 2007 kampuni ya GTV ilinunua sehemu kubwa ya haki za ligi hii Afrika ikiwa na setilaiti na bei nafuu, na Januari 2009 ikafilisika, wateja wakabaki na dekoda zisizo na kazi. Watazamaji hawakupotea nayo. Walihamia palipokuwa na picha, na aliyewahamisha alikuwa mwenye ukumbi.

Mtu huyu hayumo katika ripoti za ligi, nami namwona kuwa fundi mkuu wa kazi nzima. Kifurushi cha juu cha DStv, televisheni ya kulipia inayobeba SuperSport, nchini Kenya kinagharimu zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, pesa ambazo nyumba nyingi za Ikutha haziwezi kuzitenga kwa ajili ya televisheni. Kiingilio cha ukumbi ni shilingi 20, 30, au 50 kwa mechi kubwa. Watu 60 wakitoa 30 kila mmoja, mechi moja inaingiza 1,800. Mechi sita au saba zilizojaa zinalipa kifurushi, kisha zinabaki stima, kodi na faida. Kwa M-Pesa, iliyoanza 2007, malipo ya kifurushi hayahitaji safari ya mjini: picha ikikatika dakika kumi kabla ya mechi, hulipiwa kwa simu papo hapo na hurudi. Penye stima ya kukatikakatika kuna jenereta nyuma ya mabati, au sola. Na kwa kuwa dekoda moja inaonyesha watu 60, hesabu za wateja waliojiandikisha hupunguza watazamaji wa Ukambani, kama vile hesabu za bilioni zinavyowazidisha wale wa Super Bowl. Ni kweli kwamba wengi wa wenye kumbi hutumia kifurushi cha nyumbani mahali pa biashara, kinyume cha mkataba. Mwenye haki analalamika kwa sababu halali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hadhira anayoihesabu kuwa yake Afrika aliletewa na kumbi hizi, na leseni ya bei inayolingana na kiingilio cha shilingi 30 ingewaingiza wengi wao katika sheria.

Wengine watasema kinachojaza viti ni kamari. Kamari ipo na imeharibu nyumba nyingi. Simchukulii kwa wepesi kijana anayetazama dakika za mwisho akiwa ameweka karo kwenye mkeka. Lakini kampuni ya kamari ya SportPesa ilianza 2014. Tarehe 13 Mei 2012, Sergio Agüero alipofunga bao la dakika za nyongeza dhidi ya QPR na kuipa Manchester City ubingwa, huku ilikuwa inakaribia saa moja jioni na kumbi zilikuwa na watu miaka mingi kabla ya hapo. Kamari iliikuta hadhira imekaa.

Jambo linaloniuma ni kwamba Ligi Kuu ya Kenya haijatumia hata moja ya njia hizi kwa uthabiti. SuperSport iliionyesha kwa miaka kadhaa, kisha ikavunja mkataba 2017 katikati ya mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Kwamba watu hawaipendi kandanda ya nyumbani si kweli: Agosti 2025, katika michuano ya CHAN, timu ya taifa, Harambee Stars, iliifunga Morocco, iliyotwaa kombe baadaye, na taifa likaifuata hadi ilipotolewa na Madagascar kwa matuta. Mechi za ligi yetu zingeanza saa saba mchana Jumamosi, kwa picha nzuri na ratiba isiyobadilishwa usiku wa kuamkia mechi, zingekwisha kabla ya ile ya kwanza ya Uingereza katika miezi ya baridi yao. Saa hizo viti vya ukumbi Mwingi na Emali viko wazi, kifurushi kimeshalipiwa, na mwenye ukumbi anatafuta cha kuandika kwenye ubao.