Hadithi za Mapenzi Zifaazo Wasomaji wa Kagoma

Walimu na mapadre wengi huulizwa na vijana wao wajuao kusoma: Tusome kitabu gani cha mapenzi? Swali hili si la kuchekwa wala la kukemewa. Kijana asiyejibiwa na mwalimu wake atajibiwa na mwingine, na pengine jibu hilo halitampendeza mwalimu. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia wenzetu wa Kagoma, na wa pande zote za Bukoba na Muleba, maneno machache juu ya hadithi za mapenzi zilizo bora katika Kiswahili. Moja tutaipa nafasi ya kwanza, na sababu zake tutazieleza.

Hadithi nyingi za namna hii zafanana kama migomba ya shamba moja. Kijana amwona msichana; wazazi wakataa; barua zapelekwa kwa siri; tajiri mzee ajitokeza na fedha zake; mwisho ni arusi au mauti. Hatusemi kwamba hazina faida. Walakini karibu zote zakoma mlangoni pa nyumba ya arusi, na sisi tunaoketi na watu katika shida zao twajua kwamba mashauri mengi hayaletwi kabla ya arusi bali baada yake. Mume na mke walipendana wakaoana. Miaka ikapita bila mtoto. Ndugu za mume wakaanza kunong'ona. Hapo ndipo mapenzi yajaribiwapo, na hapo ndipo vitabu vingi vinyamazapo.

Kitabu kisichonyamaza ni kile kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliyekitunga, marehemu Aniceti Kitereza, alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akafariki mwaka 1981. Alisoma kwanza katika misheni ya Kagunguli. Kisha mwaka 1909 alivuka ziwa akaja Seminari ya Rubya, ambayo wasomaji wetu wa Muleba waijua sana. Akakaa huko miaka kumi akijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu nyingine. Hakupata upadre. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi ya misheni na kazi ya kuandika. Watoto waliozaliwa katika ndoa yake hawakuishi, naye hakumwacha mkewe. Rubya husifiwa kwa makasisi iliowalea. Haki yataka isifiwe pia kwa ajili ya mtu huyu aliyetoka humo bila daraja.

Kitabu chenyewe kilipata taabu kama ya watu wasimuliwao ndani yake. Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa lugha ya Kikerewe. Nani angepiga chapa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache? Rafiki yake, Padre Almas Simard wa Shirika la White Fathers, alianza kukifasiri kwa Kifaransa, lakini akafariki mwaka 1954. Ndipo mtungaji mwenyewe, akiwa mzee, akakitia katika Kiswahili kwa mkono wake, na mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Kitabu kilingoja miaka 35. Na mwaka mmoja baada ya kutoka kwake, mtungaji alikuwa kaburini. Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Profesa Gabriel Ruhumbika, ilitoka mwaka 2002.

Habari yenyewe ni nyepesi kusimulia. Zamani, kabla Wazungu hawajafika Ukerewe, Myombekere na mkewe Bugonoka walikaa kwa kupendana, ila hawakuwa na mtoto aliye hai. Jamaa za mume wakamtukana mke kwa utasa. Wazazi wa Bugonoka, kwa kuona uchungu, wakamchukua binti yao wakamrudisha kwao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na wako waliomshauri hivyo. Yeye akafunga safari kwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe. Wakamtoza pombe ya ndizi. Akaitafuta, akaipeleka, akarudishiwa mke. Kisha wakatafuta dawa, nao wakajaliwa kuzaa mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Kitabu chaendelea kuwasimulia watoto hao katika kukua kwao, na wazazi wao hata uzeeni.

Twaomba msomaji apatazame vizuri mahali pa ile pombe, kwa maana ndipo moyo wa kitabu ulipo. Mtu wa Kagoma hana haja ya kuelezwa kazi iliyomo katika pombe ya ndizi: kukata mikungu, kuziivisha ndizi, kuzikanyaga pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa kukamulia, kutia mtama uliokaangwa, kungoja ichachuke, na mwisho kuichukua kichwani njia nzima bila kuimwaga. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, na mtu mmoja haiwezi. Hana budi kuwaomba rafiki na majirani. Basi Kitereza hamweki Myombekere chini ya mti kumwambia mkewe maneno matamu. Amweka katika kazi. Kila mtungi unaopelekwa kwa mkwe ni neno la mapenzi lisilotamkwa, nalo lasikiwa na kijiji kizima. Kijana aliyezoea hadithi za barua na machozi atauliza mwanzoni, Mapenzi yako wapi hapa? Mwalimu asimjibu upesi. Na amwache asome kurasa hamsini nyingine.

Jambo la kutazamwa ni kwamba mwaka ule ule wa 1945 kilipigwa chapa kitabu cha Kiingereza cha Hans Cory na M. M. Hartnoll juu ya sheria za mila za Wahaya. Humo zimeandikwa habari za ndoa, mahari, urithi na mashamba. Ni kitabu cha manufaa, na wengi wetu tumekitumia katika mashauri. Walakini kitabu cha sheria chasema mtu alipe nini ili mkewe arudi. Hakisemi kulipa huko kwamgharimu nini moyoni, wala mke aketije kwa baba yake akingoja kuona kama mume atakuja. Atakaye kuwajua watu na asome vyote viwili, kimoja mezani na kimoja kitandani.

Tena yako mambo ya lugha yatakayowafurahisha wasomaji wa Ihangiro kuliko wengine. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya, na masimulizi ya Wakerewe yasema kwamba ukoo wa watawala wao, Wasilanga, ulitoka Ihangiro. Basi majina yaliyo mafumbo kwa msomaji wa pwani, kwetu yafumbuka yenyewe. Ntulanalwo ni jina la mtu akaaye na kifo kando yake siku zote. Bulihwali ni swali, kwamba huzuni itakwisha lini. Wazazi waliozika watoto ndio watoao majina kama haya. Mtungaji hakuhitaji kutueleza kwa maneno mengi jinsi baba na mama walivyoogopa juu ya kitanda cha mtoto. Amewapa watoto majina, basi. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake majina ya namna hiyo yaliyomo katika koo zao, naye atapata somo la juma zima.

Sifa zisitufanye tuyafiche mapungufu. Kwanza, kitabu ni kirefu, tena hakina haraka. Watu wakikutana njiani husalimiana mpaka salamu zimekwisha, na msomaji hana budi kusimama nao. Mtungaji alitaka kuzihifadhi desturi za babu zake zisipotee, na mahali pengine desturi imeikalia hadithi kifuani: twaelezwa uvuvi, kilimo, matanga na dawa, huku Bugonoka akitungoja. Pili, Kiswahili chake kimevaa nguo za Kikerewe, na msomaji aliyelelewa kwa vitabu vya pwani atakwaa hapa na pale. Kwetu sisi jambo hili si kosa kubwa. Lugha iliyokuja kwetu kutoka pwani imejifunza hapa kusema mambo ya bara, na afadhali sentensi yenye udongo miguuni kuliko iliyooshwa hata haina harufu ya mahali.

Tatu, na hili lawahusu makasisi zaidi, mna waganga, ramli na mizimu. Wako watakaoogopa kuwapa vijana kitabu kama hicho. Twawajibu kwamba Kitereza, mtu wa misheni na mwanafunzi wa Rubya, aliwaandika babu zake kama walivyokuwa, bila kuwadhihaki na bila kuwapamba. Kijana wa Kikristo akisoma jinsi watu wasioijua Injili walivyoitunza ndoa ya mume na mke wasio na mtoto, huenda akaona haya kwa jinsi sisi tuijuao tunavyowatendea wake zetu. Ila mwalimu aongeze neno moja. Katika kitabu ulimi wa jamaa wamwangukia mwanamke kwanza. Leo twajua kwa hakika kwamba mara nyingi sababu ya kukosa mtoto iko kwa mume, au kwa wote wawili. Anayesoma na vijana asipolisema hili, kitabu chaweza kuwaimarisha katika kosa ambalo mtungaji alilihuzunikia.

Na hili si jambo dogo kwetu. Palipo na kibanja, pana swali la mrithi. Na palipo na swali la mrithi, mwanamke asiye na mtoto hana usalama. Wako waliofukuzwa wakiwa na cheti cha ndoa ya kanisa kabatini. Hotuba tumezitoa nyingi juu ya habari hii. Pengine hadithi itaingia pale hotuba iliposhindwa kuingia, kwa sababu asikiaye hotuba hujitetea, bali asomaye hadithi humtetea mwingine, na katika kumtetea Bugonoka aweza kumkumbuka shangazi yake au mkewe.

Kitabu cha pili tukisifucho ni Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, naye pia mtu wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, akafariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa mashuleni. Jina lake kila kasisi alijua kutoka katika Litania ya Bikira Maria, na wengine wamekasirika kuliona juu ya habari ya msichana aliyeanguka. Na wasome kwanza, ndipo wakasirike. Rosa alipigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Akakua katika woga. Alipofika mahali pasipo fimbo ya baba, hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Mtungaji ana haraka, na maafa ayarundika mengi juu ya kichwa kimoja mpaka msomaji ashuku. Lakini shabaha yake haikukosa: fimbo hulinda kwa umbali wa mkono tu. Kitabu hiki tusikitoe kwa watoto wadogo. Tukitoe kwa baba zao, na kwa walimu wa mabweni ya wasichana.

Kwa wasomaji watu wazima watakao hadithi za pwani, twataja mbili. Kiu, cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1972, chaonyesha jinsi kiu ya mapenzi na kiu ya mali zinavyoweza kunywa katika kikombe kimoja, na nani abakiye na kikombe kitupu. Kiswahili chake ni safi sana, na mwenye kufundisha insha atapata humo mifano mingi. Vuta N'kuvute, cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, chamsimulia Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mtu mzima kuliko yeye, akamkimbia, akampenda Denge, kijana mwenye kupigana na utawala wa Kiingereza. Msomaji wa bara asiogope ugeni wa mitaa na majina. Ndoa ya binti asiyeulizwa yajulikana hapa pia.

Walakini vyote viwili, pamoja na uzuri wao, vyasimulia mapenzi yanayotafuta mahali pa kukaa. Kitereza peke yake asimulia mapenzi yaliyokwisha pata nyumba, ambayo sasa yangoja kuona kama nyumba itasimama. Kwa sababu hiyo twampa nafasi ya kwanza.

Mwisho, neno juu ya njia ya kukitumia kitabu hicho. Mwalimu asikianze na wanafunzi kwa kukisoma chote. Watachoka naye atachoka. Na aanze pale mke anapochukuliwa na wazazi wake, asome kwa sauti mpaka siku arudipo nyumbani, kisha aulize kila mmoja angefanyaje kama angekuwa mume, na kama angekuwa baba wa mke. Kasisi mwenye wachumba katika mafundisho ya ndoa aweza kufanya vivyo hivyo kwa jioni mbili au tatu, tena akimwalika mzee mmoja wa kijiji aseme pombe ya namna hiyo ilitozwaje katika Ihangiro. Wachumba watajua, kabla ya kuapa, kwamba siku moja mmoja wao yamkini atapaswa kwenda kwa miguu na mtungi kichwani kumtafuta mwenziwe. Naye mwenye nakala ya mwaka 1980 asiifungie sandukuni; na amwazime jirani, ila aandike jina lake ndani.