"Amana" Isiyorudi: Maoni Juu ya Istilahi za Biashara ya Fedha za Kigeni

Tumeletewa kijitabu cha Kiswahili kinachogawiwa mjini Dodoma, hasa kwa walimu na watumishi wa Serikali, kuwafundisha biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu. Kisarufi hakina makosa mengi. Kasoro yake ni ya istilahi, nayo si ndogo, maana msomaji atakayepotoshwa na neno hapa hapotezi alama za mtihani bali mshahara.

Neno la kwanza ni "nyenzo". Mfasiri amelitumia kueleza utaratibu ambao kwao mteja mwenye dola 100 huruhusiwa kufanya biashara ya dola 40,000, yaani mara 400 ya alicho nacho. Tunakiri kwamba sisi wenyewe tuliwahi kulipenda neno hili. Wenzo ni gongo la kunyanyulia kitu kizito, na aliyewahi kung'oa jiwe shambani katika nchi yetu hii ya mawe anajua manufaa yake. Lakini katika matumizi ya leo nyenzo ni kila kifaa chema: jembe, chaki, kitabu cha kiada. Aliyepewa nyenzo amesaidiwa. Hakuna katika neno hilo dalili kwamba jiwe laweza kurudi likamwangukia mnyanyuaji. Na hesabu yasema laweza. Bei ikienda kinyume kwa robo tu ya asilimia 1, dola 100 za mteja zimekwisha. Ikienda kinyume kwa asilimia 1 nzima kabla biashara haijafungwa, hasara ni dola 400, na 300 kati ya hizo hakuwa nazo.

Wapo watakaopendekeza "mkopo". Nalo halitoshi, kwani mteja hakabidhiwi fedha yoyote akaitumia apendavyo. Ni faida na hasara tu zinazohesabiwa juu ya jumla ile kubwa. Sisi twaona "uzidishaji" lafaa zaidi. Huzidisha pande zote mbili, na mwalimu wa hesabu atalieleza bila taabu.

Neno la pili latusikitisha zaidi, nalo ni "amana". Kijitabu kinaziita hivyo fedha anazotanguliza mteja. Katika Kiswahili amana ni kitu kilichowekwa kwa mwaminifu ili kirudishwe kama kilivyo. Kuila ni khiyana. Fedha zinazosemwa hapa hushikwa ili hasara ilipwe kutoka humo, na biashara ikiharibika haziombwi tena. Kitu cha namna hiyo wazee walikwisha kukipa jina: rehani. Mwalimu mmoja aliyetujia na kijitabu hicho aliuliza kwa nini "amana" yake haidaiki. Swali lake lilikuwa sahihi. Neno ndilo lililomdanganya.

La tatu ni "salio hasi", lililofichwa katika ukurasa wa masharti. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya euro isishuke chini ya faranga 1.20. Katika dakika chache euro ilianguka chini ya faranga 1.00, na biashara nyingi hazikuweza kufungwa kwa wakati. Kampuni ya FXCM ilitangaza kuwa wateja wake walikuwa na upungufu wa dola milioni 225 hivi, na Alpari ya Uingereza ikafilisika. Ndiyo sababu mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya waliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha mara 30 kwa fedha kuu, wakaamuru pia mteja asidaiwe zaidi ya alichoweka. Kijitabu chetu hakitaji kinga kama hiyo. Chasema tu kwamba mteja "atawajibika kusawazisha salio hasi". Mhasibu ataelewa. Mtumishi wa kawaida atadhani ni jambo la kompyuta kujisahihisha. Kiswahili cha sentensi hiyo ni: "atalipa deni lililobaki".

Mfasiri atajitetea kwamba alifuata maandishi aliyopewa. Hatukatai, lakini hati ya kutia saini hufasiriwa kwa ajili ya atakayeitia saini.

Kuhusu "dalali", aitwaye hivyo hata pale ambapo yeye mwenyewe ndiye mnunuzi upande wa pili, tutaandika katika toleo lijalo.