Mitambo katika Vitabu vya Picha, na Chuma cha Kando ya Ziwa

Watoto wa shule hupenda vitabu vya picha, wala si ajabu, maana picha huingia moyoni upesi kuliko maneno. Kwa hiyo yatupasa sisi waalimu na wachungaji kuvipima kama tupimavyo vitabu vya kusoma. Hapa twaangalia jambo moja tu: namna elimu na mitambo inavyoonyeshwa katika hadithi mbili za zamani zinazosimulia habari za Afrika. Kisha tutazilinganisha na habari za kweli za nchi zetu za kando ya Ziwa Viktoria.

Ya kwanza ni Tintin au Congo, kazi ya Hergé, Mbelgiji. Ilitoka kidogo kidogo tangu 1930 hata 1931 katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Brussels, chini ya uangalizi wa padre Norbert Wallez. Mchoraji hakuwa amefika Kongo, na baadaye alikiri kwamba alichora kwa mawazo ya watu wa kwao wa siku zile. Dharau iliyomo imekwisha kusemwa na wengi. Sisi twatazama mitambo. Gari la moshi lagonga motokaa ya Tintin, nalo gari la moshi ndilo lianguka! Wenyeji wasimama bila la kufanya, mpaka mgeni awaamuru walinyanyue. Lakini reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, miaka miwili kabla ya picha hizo, na Waafrika ndio waliobeba mataruma na kuyalaza.

Tena yumo mtu aitwaye Muganga. Hilo ni neno letu lenyewe, ila amepewa kazi ya mchawi: ana wivu, ana hila, ataka mgeni afe. Kila mwalimu wa Kiswahili ajua kwamba mganga na mchawi ni watu wawili. Mmoja huponya, mwingine hudhuru. Hata leo tabibu mkubwa wa serikali katika mkoa huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Muganga huyu ashindwa kwa vitu vitatu: kwinini, sinema, na mashine ya kunasa sauti. Mgonjwa anywa kwinini, apona mara, na mkewe amtukuza mgeni. Hapana neno hata moja la kueleza kwamba kwinini hutoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, wala kwamba Wajesuiti wa Peru waliipeleka habari ya gome hilo Ulaya katika karne ya 17. Basi mtoto asomaye aona nini? Aona uchawi mdogo umeshindwa na uchawi mkubwa. Gazeti lililotaka kuwaondolea watu ushirikina limeupanda upya, likiuvika kofia ya mgeni.

Hadithi ya pili yatoka Marekani. Katika Fantastic Four, namba 52, ya Julai 1966, Stan Lee na Jack Kirby walimleta T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi isiyokuwako ila katika hadithi. Hapo mambo yamegeuzwa: Mwafrika ndiye mwenye mitambo, na wageni ndio washangaao. Msitu wake ni wa nyaya, maua ni vitufe, na mawe yanguruma kwa mashine. Twasifu mageuzo hayo, nayo yatuhusu zaidi kwa kuwa Ta-Nehisi Coates, aliyeanza kuandika hadithi za mfalme huyo mwaka 2016, aliiweka Wakanda kando ya Ziwa Viktoria.

Hata hivyo twauliza: elimu hiyo ilitoka wapi? Yatoka katika madini ya vibraniamu, ambayo, kama hadithi ilivyoendelezwa, yalianguka na kimondo kutoka mbinguni. Mfalme ana mali kwa sababu ya madini, na ana mitambo kwa sababu ya mali. Mwanafunzi akaaye miguuni pa fundi hatumwoni.

Sasa tutazame kando ya ziwa lenyewe. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika gazeti la Science habari za uyeyushaji wa chuma katika Buhaya, upande wa magharibi wa ziwa, kazi iliyofanyika huko zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao walijenga tanuru tena. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi na kuyachoma mpaka yakawa makaa. Wakaingiza mirija ya udongo ndani ya tanuru, wakavukuta. Wataalamu hao walieleza kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika penye makaa, na hivyo joto likazidi. Ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, pande za Geita na Biharamulo, Warongo nao walijulikana kwa ufundi wa chuma. Kazi hii ilikuwa na miiko yake na dawa zake, jambo linalostahili kuchunguzwa na padre kwa makini kuliko kuchekwa. Lakini pamoja na miiko palikuwa na kipimo, na mikono iliyofundishwa na mikono mingine.

Basi hukumu yetu ni hii. Hadithi ya kwanza yamnyima Mwafrika mashine. Ya pili yampa. Lakini zote mbili zaonyesha mashine bila fundi, na mashine isiyo na fundi ni muujiza wa uongo. Mtoto aweza kuishangaa, hawezi kujifunza kwayo. Hatusemi vitabu hivyo vifungiwe. Mwalimu avifungue mbele ya darasa, kisha aulize: Nani aliitengeneza? Alifundishwa na nani? Alitumia nini? Na kabla somo halijaisha, awapeleke watoto kwa mhunzi wa karibu, wakamwone akitia chuma motoni.