Sukali, Muchere na Kijiko cha Magadi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala tuna tabia moja: mtu akituandikia namna ya kupika mandazi, hatusomi mapishi, tunasoma tahajia. Mwaka huu nimekuwa nikifuatilia mazungumzo ya wenzangu wa hosteli ambao huoka na kukaanga vitu vidogo vidogo, vingine vya kuuza, vingine vya kula wenyewe, na ambao waliamua kuulizana mambo ya jikoni kwa Kiswahili ili wajizoeze. Unga kiasi gani? Sukari iongezwe lini? Mbona keki imebonyea katikati? Nathubutu kusema kwamba Kiswahili chao kina uhai kuliko kile cha insha zetu nyingi. Lakini kila baada ya ujumbe wa tatu au wa nne anatokea mtu na kinyota chake: *sukari. *mchele. *mkate. Ni usahihishaji huu ninaotaka kuuhakiki, kwa sababu naona unashughulika na makosa yasiyodhuru na kuyapita yale yanayoharibu chakula.

Tuyaangalie kwanza hayo yanayowekewa kinyota. Mtu akiandika “sukali” na “muchere” katika sentensi moja, huonekana kama hajui lolote: pa r ameweka l, na pa l ameweka r. Lakini ukikijua Kiganda utaona kwamba hakukosea ovyo. Katika maandishi ya Kiganda, r hukaa baada ya irabu e na i. Kwingineko kote ni l. Sukari ilipoingia Kiganda ikawa ssukaali, maana kabla ya r kuna a. Mchele ukawa omuceere, maana kabla ya l kuna e. Kwa kanuni hiyo hiyo pilau inageuka “pirau”, iliki “iriki”, karai “kalai”, na kukoroga kunakuwa “kukologa”. Hamira pekee inapita salama, kwa bahati tu kwamba r yake imetanguliwa na i. (Pilipili ikigeuka “piripiri” sioni hata pa kucheka: ndivyo Wareno walivyoliandika, na ndivyo linavyosomeka leo kwenye chupa za mchuzi wake madukani.) Mtu anayekosea kwa utaratibu namna hii ana sarufi kichwani. Ni ya lugha nyingine, lakini ni sarufi.

Hali ni hiyo hiyo kwa “mukate”. Kiambishi cha Kiganda ni mu-, chenye irabu yake kamili, na mkate ulipofika kwetu ukawa omugaati. Kule mashariki mwa Kongo watu wanasema mukate kila asubuhi dukani na hakuna anayewasimamisha. Mombasa nako, mzee wa Kimvita akisema mtele badala ya mchele, sisi wanafunzi tunafurahi, tunauandika mfano huo daftarini chini ya kichwa “Lahaja”. Wa Masaka akiandika muchere, tunauweka chini ya “Makosa”. Najua jibu nitakalopewa: Kimvita ni lugha ya mama, kina washairi wake tangu enzi za Muyaka, ilhali muchere ni athari ya lugha ya kwanza kwa mtu anayejifunza. Nakubali, na ningejibu vivyo hivyo katika mtihani wa isimujamii. Ila tofauti hiyo inahusu hadhi ya mzungumzaji, haihusu wali. Katika mazungumzo ya jikoni, muchere na mtele vyote viwili vinaeleweka, na sufuria inapata kilekile.

Wasahihishaji wenyewe nao hawana uhakika wanaojidai kuwa nao. Nimeona “amira” ikiwekewa kinyota iwe “hamira”, na siku chache baadaye “hiliki” ikawekewa iwe “iliki”. Kamusi zinakubali zote nne. Kuhusu mandazi, anayetaka kuwa mkali kweli angesema andazi moja, maandazi mawili, lakini sijamsikia muuzaji hata mmoja wa Wandegeya akisema hivyo, na msahihishaji wetu mwenyewe huagiza mandazi. Bilingani na biringani sitazigusa.

Sasa njoo kwenye makosa yanayopitishwa. Katika mapishi ya mkate wa ndizi yaliyozunguka muhula uliopita kulikuwa na sentensi hii: “Chukua unga vikombe viwili, weka kijiko kimoja cha magadi, ukande mukate wako.” Kinyota kilikuja haraka: *mkate. Hakuna aliyeuliza kijiko kipi. Kijiko cha chai huchukua mililita 5, kijiko cha chakula 15. Sukari ukiizidisha mara tatu utapata mkate mtamu mno; magadi ukiyazidisha mara tatu utapata kitu cha kahawia chenye ladha ya sabuni. Mmoja wetu alitumia kijiko cha chakula, na mkate ule hata wa chumba cha pili, ambao hula chochote, waliurudisha. Hiyo sentensi ilikuwa na kosa moja dogo la tahajia na shimo moja kubwa la maana. Kinyota kilikwenda kwenye kosa dogo. Wala unga wenyewe haukuulizwa. Kwa mpishi wa Dar es Salaam anayezungumzia mkate, unga ni wa ngano, halina mjadala. Huku kwetu mtu anaweza kusikia unga akafikiria kawunga, yaani wa mahindi, ule wa posho.

Halafu kuna kinachoumusha. Kwa Kiganda tuna ekizimbulukusa, neno zuri lenye kusema kazi yake: kitu kinachofanya donge lifure. Lakini neno hilo halikwambii kama ni hamira au bekingi pauda, na hivi viwili havina tabia moja. Hamira ni kitu hai. Inataka maji ya vuguvugu na muda wa kutosha wa kuachwa ili donge liumuke. Bekingi pauda huanza kazi mara inapolowa, na ukiiacha isubiri saa nzima nguvu zake zinapungua. Mtu akitafsiri ekizimbulukusa kwa “chachu”, neno analolikumbuka kutoka kwenye Biblia, tahajia yake haina dosari, ila msomaji hajui kama afunike bakuli au awashe moto. Hapo pangefaa kinyota.

Hata tahajia yenyewe ina makosa yanayodhuru, nayo ndiyo yanayopita kimya kwa kuwa kila neno, likisimama peke yake, ni sahihi. “Kataa vitunguu vidogo vidogo.” Aliyeandika alitaka kata, irabu moja ya ziada imegeuza agizo kuwa mgomo. “Pika mayai mawili kisha mimina kwenye unga” ni baya zaidi, kwa sababu linawezekana: mtu anaweza kweli kuyachemsha mayai ambayo alitakiwa kuyapiga. Katika mazungumzo niliyoyafuatilia, pika hiyo haikuguswa, na chini yake kidogo “sukali” ikasahihishwa mara mbili na watu wawili.

Hili si jambo la kuchekesha tu. Aliyesahihishwa kuliko wote ndiye aliyejua kuoka kuliko wote. Amekulia kwenye kibanda cha mama yake, anajua kwa kugusa tu kama donge limetosheka maji. Sasa akiulizwa anajibu kwa Kiingereza, au anatuma picha bila maneno. Na sisi tuko Uganda. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini wazee wengi bado wakikisikia wanakumbuka amri za askari wa miaka ya 1970. Jikoni ni mahali pamoja ambapo kingeweza kusikika bila mtu kuamrishwa, nasi tumepeleka amri huko.

Mtihani ni jambo jingine. Humo muchere ni kosa na likatwe alama. Kiswahili sanifu ndicho tulichojiandikisha kusoma. Ila ningependa mhadhiri anayelikata aandike pembeni ile kanuni ya e na i, kwa sababu inaonyesha mapema pa kuwa macho. Kwa anayefikiri kwa Kiganda, hatari iko kwenye maneno yenye l baada ya e au i: mchele, pilau, iliki, pilipili, kilo. Na kwenye yale yenye r baada ya a, o au u: sukari, karai, karoti, karafuu, choroko, korosho, koroga.