Mavazi na Mamlaka: Uhusika wa Sarah katika Filamu ya Labyrinth

Katika Labyrinth (1986), filamu ya Jim Henson, ukuaji wa Sarah, kijana anayeigizwa na Jennifer Connelly, unabainishwa na mavazi. Mwanzoni amevaa gauni la kikale juu ya suruali ya jinzi, akikariri tamthilia na kusahau mstari mmoja. Ndani ya mzingile anamtafuta mdogo wake, Toby, kwa jinzi na shati jeupe. Gauni la dansi, analovishwa katika njozi ya mfalme Jareth, linamgeuza pambo. Anapovunja ukuta wa vioo, jinzi hurudi. Mstari uliosahauliwa ndio unaomshinda Jareth. Mwishoni Sarah anawakaribisha tena marafiki wa mzingile: anakomaa bila kuziacha ndoto, ila sasa anazichagua mwenyewe.