Cho Oyu 1954: hesabu ya mzigo mwepesi

Saa tisa alasiri, tarehe 19 Oktoba 1954, watu watatu walisimama juu ya Cho Oyu, mlima wa mita 8,188 ulio mpakani mwa Nepal na Tibet. Wawili walikuwa Waaustria, Herbert Tichy na Sepp Jöchler. Wa tatu alikuwa Pasang Dawa Lama, mkuu wa Washerpa wa msafara wao. Hawakuvuta oksijeni ya mtungi. Mikono ya Tichy ilikuwa imeganda kwa baridi, vidole havikunjiki, hata viatu alifungiwa na wenzake. Kabla yao, vilele vinne tu vya zaidi ya mita 8,000 vilikuwa vimefikiwa duniani, na vingi kati ya hivyo vilifikiwa na misafara mikubwa kama jeshi. Msafara huu ulikuwa na Waaustria watatu, akiwemo mwanajiografia Helmut Heuberger, pamoja na Washerpa wachache.

Waliwezaje? Tuanze na mzigo, maana ndiko siri ilikolala.

Mwaka mmoja kabla, Waingereza walikwenda Everest na wapagazi 362. Wingi huo haukuwa anasa, ulitokana na hesabu. Tuchukue mfano: mpagazi anabeba kilo 15 kwenda kambi iliyo mbali siku nne. Yeye mwenyewe anakula na kuchoma mafuta ya jiko, tuseme kilo moja kwa siku. Kwenda siku nne na kurudi siku nne, zaidi ya nusu ya mzigo imeishia kwake. Ukitaka kambi moja zaidi juu ya hapo, lazima uongeze wabebaji, na wabebaji hao nao wanataka mahema, chakula na mafuta, ambavyo vinadai wabebaji wengine tena. Watu wanaofanya kazi Kilimanjaro wanaijua hesabu hii kwa migongo yao.

Tichy aliigeuza. Alikuwa mwandishi wa habari aliyesomea jiolojia, na mwaka 1953 alikuwa amezunguka magharibi mwa Nepal kwa miguu akiwa na Pasang na Washerpa wengine wachache. Wazo la Cho Oyu lilizaliwa katika safari hiyo, kwa hiyo walipofika mlimani walikuwa wameshajuana: nani anachoka mapema, nani anapika vizuri, nani akisema "turudi" asikilizwe. Watu wakiwa wachache, chakula kinachopandishwa ni kidogo, kambi ni chache, na siku zinazopotea kwa kupanda na kushuka na mizigo zinapungua. Kwenye mwinuko ule siku ndiyo mali adimu, kwa sababu mwili unazidi kudhoofu hata ukiwa umelala.

Jambo la pili ni njia. Mwaka 1952 msafara wa Eric Shipton ulifika upande wa kaskazini-magharibi wa mlima ukakwama penye ukuta wa barafu, kwenye mita kama 6,600. Shipton alihofia kuweka kambi ndani ya Tibet, hivyo chakula chake kilitoka mbali na vijana wake hawakuwa na akiba ya kuuhangaikia ukuta ule kwa siku kadhaa. Kundi la Tichy lilivuka Nangpa La, njia ya kale ya wafanyabiashara kati ya Khumbu na Tibet yenye mwinuko wa mita 5,700 na ushei, pungufu kidogo tu ya Uhuru pale Kilimanjaro, likajenga kambi zake upande wa pili. Penye ukuta Pasang alitangulia, akichonga vidato kwa shoka na kufunga kamba. Juu ya ukuta miteremko inalegea. Ugumu wa barafu wa njia ile ulikuwa umefungwa karibu wote mahali pamoja.

Halafu ikaja tufani. Mapema Oktoba, kwenye kambi iliyo karibu na mita 7,000, upepo uliyaangusha mahema. Tichy alitoka mikono mitupu kuzuia hema lisichukuliwe, akaishindilia mikono yake thelujini. Baada ya muda mfupi vidole vilikuwa vyeupe na havina hisia. Walishuka.

Hapa ndipo udhaifu wa kundi dogo unapoonekana, na ni lazima tuuseme wazi. Hakukuwa na daktari wala kiongozi wa akiba, na Pasang alikuwa ameshuka kutafuta chakula. Juu ya hayo wakatokea Raymond Lambert na Claude Kogan wa msafara wa Uswisi, nao wakiutaka mlima uleule. Katika msafara mkubwa, mwenye mikono ile angerudishwa nyumbani na mwingine angeshika nafasi yake. Wao walisubiri, wakijihifadhi kwenye pango walilochimba thelujini, ambalo upepo hauwezi kulibeba kama hema.

Pasang aliposikia habari za Waswisi hakungoja. Akiwa na chakula mgongoni alivuka tena Nangpa La, na kutoka bondeni upande wa Nepal hadi kileleni alitumia siku tatu. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanishangaza. Mwendo huo uliwezekana kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshazoea mwinuko kwa wiki kadhaa, na kambi zilikuwa zimesimama zikimngoja. Lakini maandalizi pekee hayatoshi kuueleza. Mwaka 1939 Pasang huyuhuyu alifika mita zaidi ya 8,300 kwenye K2, akarudi bila kilele. Safari hii alijua anachokifuata.

Kutoka kambi ya mwisho hadi kileleni kulibaki karibu mita 1,200 za kupanda. Wengi wangeweka kambi nyingine katikati. Wao hawakuwa na cha kuiwekea, na naona uhaba huo uliwasaidia: waliondoka alfajiri na mzigo mdogo, wakapanda mfululizo katika hewa ambayo kila pumzi huleta oksijeni kama theluthi moja ya ile ya pwani. Waswisi walijaribu baadaye, wakarudishwa na upepo na baridi.

Vitabu vingi huuita ushindi huu wa Tichy. Uamuzi wa kwenda na kundi dogo ulikuwa wake na anastahili heshima hiyo. Aliyeufungua ukuta na kuuletea msafara chakula ni Pasang. Mwaka 1958 Cho Oyu ulipandwa kwa mara ya pili, na msafara wa India. Waliofika kileleni walikuwa wawili, Sonam Gyatso na Pasang Dawa Lama.